Mama Magamba na Mafuta ya Njano

Umma unatangaziwa, kwa taadhima zote zinazostahili, kwamba katika soko la mji huu yupo mwanamke aliyepaa mara nyingi kuliko watakatifu wote wakijumlishwa, na kila alipopaa alirudi nyumbani jioni kwa miguu, ananuka, na magamba yamemng'ang'ania kwenye nyusi. Wageni wasiojua kazi yake husimama mbele ya kibao chekundu kilichoandikwa TUNAPAA HAPA, wakasoma, wakatazama juu, kisha wakatazama meza. Mhubiri mmoja aliyekuwa akipita alivua kofia kabisa. Alipoona kisu, ndoo na perege waliolala ubavu, akaivaa tena akaendelea na safari.

Kazi ya mwanamke huyo ni kupaa samaki: kuwakwangua magamba, kuwapasua, kuwatoa matumbo, kuwaosha, na kumkabidhi mteja kitu kinachoweza kuingia kwenye kikaango bila maswali. Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho, limepumzika. Sokoni anaitwa Mama Magamba. Meza yake ni ya sementi, imemeguka pembe moja, na kwenye ule mmeguko ndipo anapolaza kisu kisiteleze. Magamba huyakwangua kwa kipande cha ubao kilichopigiliwa vizibo vya soda. Nyuma yake upo ukuta wa matofali unaomfika kifuani, na nyuma ya ukuta, mfereji. Siku hizo kila kisicholiwa kilivuka ukuta huo. Alikuwa akichota matumbo kwa kiganja, anarusha juu ya bega bila kugeuka, na mkono unarudi mezani kabla matumbo hayajatua. Wenzake sokoni walizoea kusema ana jicho kisogoni. Hakuwa nalo. Angekuwa nalo, habari hii isingeandikwa.

Samaki alikuwa akiletewa na kaka yake. Huyo watu wote wanamwita Mhandisi. Uhandisi wake haukutoka chuo chochote, ulitoka kwenye kalamu aliyoiweka sikioni siku alipoanza kubeba zege, na kwa miaka mingi hakuishusha. Wapo waliotoka chuoni hata bila hiyo kalamu, kwa hiyo tusimcheke sana. Yeye ni wa kwanza kwa mama yao na Mama Magamba ni wa mwisho. Wa katikati wote wametangulia. Wazazi walipofariki, Mhandisi alikuwa bado anavaa kaptula ya shule, akaivalia kazini mpaka ikapasuka, ili mdogo wake asije akalelewa kwa watu.

Baada ya zege alijaribu mengi. Alifuga kuku, wakafa kwa kideri, wote, wamejipanga kama waliokubaliana. Alifyatua matofali, mvua ikayarudisha kuwa udongo. Alinunua mashine ya kukoboa, mota ikaungua siku ya uzinduzi, mbele ya wageni, soda zikiwa zimeshafunguliwa. Kila alipoanguka aliinuka na wazo jipya, na mkewe alivuta pumzi ndefu akaenda kuokota vilivyobaki. Ndipo serikali ilipochimba lambo bondeni, Mhandisi naye akachimba mabwawa yake chini ya lambo, akatia vifaranga vya perege. Safari hii vitu vikakubali. Samaki walikua. Watu walinunua. Mhandisi akaanza kutembea polepole, kama mtu anayejua kuwa anatazamwa.

Halafu wakaja ndege.

Alianza korongo mmoja wa kijivu, mrefu, shingo imejikunja kama alama ya kuuliza. Akasimama ukingoni siku nzima hasemi na mtu. Wakafuata yangeyange weupe, kisha wale weusi wanaozamia. Hao weusi hawakuwa ndege wa hapa. Hakuna aliyekuwa na jina lao mtaani, wakaitwa Mapadri, kwa sababu ya kanzu, na kwa jinsi walivyotandaza mikono juani wakishamaliza kula, kana kwamba wanabariki waliobaki na njaa. Msimu uliofuata waliongezeka. Wakajenga viota kwenye miti ya lambo mpaka majani yakawa meupe kwa kinyesi.

Mtu mwingine angetafuta manati. Mhandisi alitafuta magogo. Alisimika miti mikavu katikati ya mabwawa, kila bwawa na mti wake, ili ndege wapate mahali pa kukaa.

"Yaani mwizi unamtengenezea kiti," mkewe alimwambia.

"Mke wangu, ndege wa maji hatui kwenye maji mabaya. Hawa ni wakaguzi. Tena wakaguzi wasiodai chai."

"Wanadai samaki."

"Wadogo wadogo tu. Hayo ndiyo matangazo yenyewe."

Na ni kweli. Jumapili watu walikuja na watoto wao kuwatazama Mapadri wakibariki, wakarudi na perege kwenye mfuko. Diwani alikuja, akapigwa picha akinyoosha kidole kuelekea korongo. Korongo akapeperuka, picha ikabaki na diwani anayeelekeza kidole hewani, kitu ambacho alikuwa na uzoefu nacho.

Mama Magamba aliviona vitu vya njano mwishoni mwa mvua. Vilikuwa karibu na mashavu ya samaki na chini ya ngozi, vidogo kama punje za mchele uliotiwa bizari. Alidhani ni mafuta. Samaki aliyeshiba huweka mafuta, nani asiyejua. Akawa anavitoa kwa ukucha wa kidole gumba ili samaki apendeze, anavitupa pamoja na matumbo, mambo yanakwenda.

Asubuhi moja mpishi wa hoteli ya stendi, mteja wake wa siku nyingi, aliinua shavu la samaki akachungulia.

"Mama Magamba, hii njano ni nini?"

Mhandisi alikuwa amesimama hapohapo, ameshusha kreti, anafuta mikono. Naye akainama. "Eh, mdogo wangu, ni nini hiyo?"

Mama Magamba aliitoa ile punje kwa ukucha. Ilikuwa imelala kwenye kidole gumba, ikapata joto la ngozi yake, na ikakunja mgongo taratibu, kama mtu anayeamshwa kabla usingizi haujamwisha. Alifumba kiganja. Aliinua macho, akamwona kaka yake. Mvi zilikuwa zimempata, kalamu ilikuwa sikioni, na alikuwa na uso wa mtu ambaye kwa mara ya kwanza maishani hajadaiwa maelezo na yeyote. Punje ilikuwa inajinyonganyonga ndani ya ngumi.

"Mafuta," alisema. "Samaki amenona."

Mpishi akatikisa kichwa, akaridhika. Mhandisi akaridhika zaidi. "Mafuta ya njano," alirudia, akilionja lile neno. "Kama ya kuku wa kienyeji."

Haukupita muda kibao kipya kikasimama njia panda ya kwenda mabwawani: PEREGE WA MHANDISI, MAFUTA YA NJANO YA ASILI. Watu wakaanza kuyaulizia. Mama Magamba alikuwa ametoa neno moja la kumpitisha kaka yake asubuhi moja, na sasa lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kiasi cha kusomeka kutoka kwenye basi.

Tangu hapo kazi yake ikawa mbili. Kwa mkono mmoja alipaa, kwa mwingine aliwinda. Alijifunza mahali wanapopenda kujificha: nyuma ya mfupa wa shavu, kwenye shina la mapezi, kando ya uti wa mgongo. Alijifunza kuwatoa huku akipiga soga, macho yakiwa kwa mteja. Samaki akabidhiwe mteja safi, basi. Akipikwa vizuri haina neno, alijiambia, na katika hilo hakukosea. Vilivyobaki vilivuka ukuta. Nyuma ya ukuta, mfereji ulikuwa umejaa korongo na Mapadri. Walishajua saa yake ya kuanza kazi kuliko mwenye soko.

"Wafuasi wako wamefika," wenzake walimtania.

"Wanifuate tu. Sijawahi kufuatwa na wanaume wavumilivu namna hii."

Kilichoiharibu amani hiyo ni Mwalimu, mstaafu mmoja mwenye mabwawa yake upande wa pili wa kilima, ambako maji hayatoki kwenye lambo wala kwa Mhandisi. Mwalimu aliona vitu vya njano kwenye samaki wake, akaona vinatembea, na kwa kuwa hakuwa na dada wa kumdanganya, akaenda ofisini kumwita Bibi Samaki.

Bibi Samaki ni afisa wa uvuvi, kijana, mwenye buti za mpira na pikipiki inayokohoa. Wakati ule hakuwa amekaa sana mjini. Ana tabia moja inayowatisha watu: anawasifu minyoo kama mtu anayesifia wakwe. Alikuja sokoni na Mwalimu mchana, wateja wakiwa wachache, akasimama kwanza nyuma ya ukuta akiwatazama ndege. Kisha akazunguka mpaka mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hawa ndege wapo hapa kila siku?"

"Wapo. Wanangoja matumbo."

"Unawalisha?"

"Nani anawalisha? Mimi natupa, wao wanaokota."

Bibi Samaki aliomba samaki mmoja, akafunua shavu, akageuza upande wa pili. "Huyu umeshamsafisha."

"Kusafisha ndiyo kazi yangu."

"Umemsafisha vizuri mno, mama." Alisema bila ubaya. Akachukua mwingine ambaye hajaguswa, akapitisha ncha ya kisu chini ya ngozi, na ile punje ikatoka. Akaiweka kwenye kiganja, akaipulizia. Ikakunja mgongo.

"Ndiyo huyuhuyu wa kwangu," Mwalimu alisema.

"Ana akili huyu," Bibi Samaki alisema. "Kwenye samaki hapa ni kitoto tu, kinangoja. Kinangoja korongo amle samaki, au mnandi, hawa weusi. Akishamezwa anapanda anakaa kooni mwa ndege, hapo ndipo kwake, hapo ndipo anapokuwa mkubwa na kutaga. Ndege akitumbukiza mdomo majini, mayai yanaoshwa, yanabaki humo. Wanaanguliwa, wanatafuta konokono. Wakitoka kwa konokono wanatafuta samaki. Tumerudi tulipoanza."

"Na hapa kwetu hakuwepo," Mwalimu alisema.

"Angekuwepo vipi? Ndege wenyewe hawakuwepo. Walikuwa huko kwenye ziwa kubwa. Sisi tukachimba mabwawa na malambo njia nzima, kila hatua meza imeandaliwa. Wakala, wakazaana, wakasogea. Mnyoo hana mabawa, mama. Anaomba lifti."

Mama Magamba alikuwa anaosha kisu ambacho kilikuwa kimeshaoshwa. "Sasa huyo ndege," aliuliza, "lazima ale samaki mzima?"

"Aa wapi. Hata kipande. Hata hiki kidude peke yake kwenye utumbo, mradi kiko hai."

"Halafu akiruka akavuka kilima?"

"Anavuka nacho."

Nyuma ya ukuta Padri mmoja alikuwa ametandaza mabawa. Mama Magamba aligeuka, akamtazama, kwa mara ya kwanza akatazama kule anakorusha. Kwa siku zote zile alikuwa akiwatoa wale vidudu kutoka mahali ambapo moto wa jikoni ungewaua, anawachambua mmoja mmoja, wazima, kwa ukucha, halafu anawapakulia ndege. Kaka yake alikuwa ameweka viti. Yeye ndiye aliyekuwa mpakuaji.

"Kesho asubuhi nakwenda kwa Mhandisi," Bibi Samaki alisema. "Nasikia yeye anasema ni mafuta."

"Anasema."

"Nani kamwambia hivyo?"

Mama Magamba alikilaza kisu kwenye mmeguko wa meza. "Leo nafunga mapema," alisema.

Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake. Njiani alipanga maneno, na maneno yalipangika vizuri, mpaka alipofika mlangoni. Sebule yao ni ndogo, makochi yana vitambaa vya kufuma, na kwenye ukuta ipo picha ya mabwawa aliyoipiga Mhandisi mwenyewe siku maji yalipoingia, imepinda, na kidole chake kimo pembeni. Wifi yake aliweka chakula mezani. Perege, wamekaangwa, wazima.

"Kula, wifi."

"Nimeshiba."

"Umeshiba wapi na umetoka kazini? Naona siku hizi samaki wa hapa hawakushuki."

"Muache," Mhandisi alisema, akimega upande wa tumbo. "Anashinda nao mchana kutwa. Mpishi hali chakula chake, anakula sifa." Alitafuna. Alikuwa na furaha ya mtu anayejiandaa kwa vita anayojua atashinda. "Umesikia wanakuja kesho? Mwalimu ameleta mtoto wa ofisini, eti samaki wangu wana minyoo. Ana wivu yule. Tangu nisimamishe kibao hasalimii."

"Kaka."

"Sina haja ya kubishana nao. Nitawaambia, ndugu zangu, mimi ni mchimbaji tu. Hakuna samaki aliyetoka humu asiyepita kwenye mikono ya mdogo wangu. Muulizeni yeye. Nitamwita shahidi mmoja, basi, nimemaliza."

"Kaka, nilikuwa nataka kusema..."

"Hutahangaika kusema mengi. Neno moja linatosha. Lilelile." Akamsogezea sahani. "Mimi, tangu tukiwa wadogo, ukisema kitu sijawahi kuuliza mara mbili."

Wifi yake alikuwa anamtazama. Wanawake wa jikoni wanajua nani ameshiba na nani amekabwa. Mama Magamba aliaga, akaondoka na maneno yake aliyoyapanga.

Asubuhi mabwawani walikusanyika watu wengi kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Mwalimu, majirani, mpishi wa hoteli, na wale ambao popote pana aibu ya mtu hawakosi kupata nafasi. Ndege walikuwa juu ya magogo yao, wametulia, kama wazee wa baraza. Bibi Samaki aliingia majini na buti, akatoka na nyavu, akakung'uta konokono wachache kwenye sahani nyeupe, akapasua perege watatu ukingoni. Njano ikaonekana kwa kila mtu.

"Hayo ndiyo mafuta ya njano," Mhandisi alisema, kwa sauti ya mkutano. Alikuwa amevaa koti. "Kibao kipo barabarani, sijaficha."

"Mzee, hii ni minyoo."

"Binti yangu, wewe umesoma, mimi sijasoma, tusifike huko. Mdogo wangu yule pale. Muulize."

Watu wakageuka. Mama Magamba alikuwa amesimama nyuma, amevaa aproni yake ya mfuko wa plastiki, kwa sababu alikuwa ametoka nyumbani kama anakwenda kazini na miguu ikamleta huku. Wakampisha njia bila kuombwa.

"Waambie, mdogo wangu," Mhandisi alisema. Alikuwa anatabasamu.

Aliangalia maji. "Si mafuta, kaka."

"Sema kwa sauti, wasikie."

"Nimesema si mafuta. Ni minyoo. Ni hai."

Tabasamu lilichelewa kutoka. Lilibaki pale usoni peke yake, halina mwenyewe. "Umejua leo," Mhandisi alisema. Hakuuliza, alikuwa anamwonyesha mlango wa kupitia.

Mlango ulikuwa wazi kabisa, na yeye hakupita. "Nilijua siku ile uliyoniuliza. Ilijikunja mkononi mwangu nikafumba. Nikawa nawatoa mimi mwenyewe kabla wateja hawajaona. Nawatupa mferejini. Ndege wanakula." Akamgeukia Mwalimu. "Hao wa kwako nimekuletea mimi, Mwalimu."

"Si lazima, mama," Bibi Samaki alisema haraka. "Ndege wangefika tu. Hata hapa bwawani wanakula wenyewe, kila siku."

"Wangefika. Lakini mimi niliwapakulia."

Hakuna aliyecheka, hata wale waliokuja kucheka. Mhandisi aliitoa kalamu sikioni. Aliitazama kama kitu cha mtu mwingine, akaitia mfukoni mwa koti, na mkewe, aliyekuwa mlangoni mwa kibanda cha vyakula vya samaki, akashika shavu. Halafu Mhandisi akapita katikati ya watu, akampita mdogo wake kwa karibu kiasi cha kugusana mabega, akapanda zake nyumbani.

Mabwawa yalikaushwa. Ndivyo Bibi Samaki alivyoelekeza, na hakukuwa na njia nyingine: maji yatoke, samaki watoke, majani ya kingoni yafyekwe ili konokono wakose makazi, chokaa imwagwe, udongo ukauke mpaka upasuke. Magogo Mhandisi aliyang'oa mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Aliingia kwenye tope mpaka mapajani, akalikumbatia gogo, akalitikisa huku na huku, na watu waliokuwa juu ya kingo walitazama pembeni, kwa maana mzee aliyekumbatia gogo kwenye tope anapaswa kuachwa peke yake. Kibao cha njia panda alikigeuza kikawa mlango wa banda, maandishi kwa ndani.

Ndege walibaki siku kadhaa, wakizunguka kwenye ukame ule kama wapangaji waliofungiwa mlango. Kisha kundi kubwa likainuka, likapita juu ya kilima. Hawakuaga. Huko walikotua, bila shaka, mtu fulani alitoka nje, akakinga jua kwa mkono, akawaambia wa nyumbani kwake njooni muone baraka.

Mhandisi hakumsemesha mdogo wake. Wakikutana njiani alivuka upande wa pili, hata kama upande wa pili ulikuwa na dimbwi. Mama Magamba alikwenda nyumbani kwake mara kadhaa. Wifi yake alimpokea vizuri, akamwekea kiti, akasema kaka amelala, na kikohozi cha huyo aliyelala kikasikika uani. Walikaa wawili wakizungumzia bei za vitu na maumivu ya magoti.

"Amekasirika sana?" Mama Magamba aliuliza siku moja.

"Angekasirika ningefurahi. Hasira yake naijua, inaisha na chai." Wifi yake alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Juzi nimempa shati nikamwambia ni safi. Akaligeuza akalinusa. Huyo hajawahi kunusa shati langu tangu nimeolewa."

Mama Magamba alirudi nyumbani na hilo shati kichwani, likamlalia kwenye moyo kuliko matusi yote ambayo angeweza kutukanwa.

Kazi ilibidi iendelee, maana tumbo halijui aibu ya mwenye nalo. Samaki sasa walitoka kwingine. Alibadilisha namna ya kufanya kazi bila kumtangazia mtu. Kila samaki alimfunua mashavu mbele ya mteja, akampasua kandokando ya uti, akamgeuza, akasema, "Tazama." Wapo waliokerwa.

"Mama Magamba, mimi nina haraka, sikuja kusoma udaktari."

"Tazama kwanza."

Wengine walihama meza. Mpishi wa hoteli alihama, akakaa huko mwezi mzima na zaidi, akarudi bila maelezo akinung'unika kwamba kule wanabakiza magamba. Akiona kitu cha njano, Mama Magamba alisema kwa sauti, "Minyoo hii, ukipika ikaiva haikudhuru, samaki unamtaka humtaki?" Neno hilo lilimkwaruza kila alipolitamka. Alilitamka hivyohivyo. Matumbo hayakuvuka ukuta tena. Aliyaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, na kila jioni aliyafukia kwenye shimo nyuma ya choo cha soko, na chokaa juu. Korongo wawili waliobaki mferejini walimngoja kwa muda mrefu. Mkono wake, kwa mazoea, bado uliinuka mara mojamoja kuelekea begani, ukasimama hewani, ukarudi.

Siku moja, adhuhuri, soko limepoa, alisikia wenzake wamenyamaza. Aliinua uso. Mhandisi alikuwa amesimama mbele ya meza, na koti, kwenye jua lile. Mikono yake ilikuwa na chokaa kwenye mistari ya viganja. Alikohoa. Alikuwa amejiandaa, ilionekana. Alikuwa na uso wa mtu aliyeifanyia hotuba mazoezi mbele ya mkewe na mkewe akampunguzia maneno, akayarudisha njiani.

"Mdogo wangu," alianza, na sauti ilikuwa ya mkutano, muuza nyanya akaacha kupanga nyanya. "Mbele ya soko hili, na mbele ya wote wenye masikio. Mimi nilikubeba mgongoni. Sisemi nikudai, nasema ijulikane. Wewe ulinitazama usoni ukanidanganya. Nimekaa na jambo hilo. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimechimba nalo. Nikajiuliza, je, siku ile ungeniambia ni minyoo, ningesikia? Nimejibu mwenyewe. Nisingesikia. Ningekufukuza, ningetafuta mtu mwingine wa kuniambia ni mafuta. Kibao nilikiandika mimi. Magogo niliyasimika mimi. Uongo ulikuwa wako, lakini njaa ya kuusikia ilikuwa yangu." Mkono ulikwenda sikioni, haukukuta kitu, ukashuka. "Leo nimetia maji kwenye bwawa moja. Moja tu. Nitaweka nyavu juu. Natamka kwamba samaki wa kwanza atakapotoka humo, nitamleta hapa, utampasua, na utakachosema ndicho nitakachoandika. Na kama ukisema minyoo, nitaandika minyoo. Kuanzia saa hii sisi ni wawili, kama tulivyoachwa. Nimesema."

Muuza nyanya alijifuta jicho kwa mgongo wa mkono. Mhandisi akavuta ndoo iliyokuwa karibu, akaanza kujishusha.

Mama Magamba hakuacha kukwangua.

"Usikalie hiyo, kaka. Ina matumbo."